Kahuzi: nimeufundisha miaka 17, nikaupanda siku moja

Mwalimu wa Ramani
Wana Bukavu, hamjambo. Juzi kwenye ule uzi wa mvua mtu aliuliza kama kuna raia wa hapa aliyewahi kupanda Kahuzi, au ule mlima ni wa wageni wenye kamera tu. Nikajibu kwa kifupi "mimi nilipanda", na tangu siku hiyo ujumbe hauniachi nilale. Basi naandika yote hapa, mara moja.

Mimi ni mwalimu wa jografia. Miaka 17 nimeandika ubaoni: Kahuzi, mita 3,308, Biega, mita 2,790. Watoto wananakili, wanafaulu, wanakwenda zao. Nyumbani ni Bagira. Kiangazi, asubuhi kabla vumbi halijaamka, ule mgongo wa bluu unauona huku unapiga mswaki. Siku moja mtoto wa dawati la nyuma akaniuliza: "Mwalimu, kule juu kuna nini?" Nikamjibu kuna baridi. Darasa likacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, maana jibu lingine sikuwa nalo.

Julai 2023 nikaenda, pamoja na shemeji yangu na jirani anayeuza simu Kadutu. Tulipanga kutoka saa 11 alfajiri. Dereva tuliyempa nusu ya pesa usiku hakutokea, simu imezimwa. Tukapanda bisi ya Kavumu, tukashuka Miti, pale barabara inapogawanyika: ya mbele inakwenda uwanja wa ndege, ya kushoto inapanda kuelekea Tshivanga, makao ya parke (hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega), kilomita thelathini na kitu toka mjini. Kutoka Miti ni motari, pikipiki ya kukodi. Ile njia ya kupanda, ukungu unakupiga usoni, mashamba ya chai pembeni, halafu ghafla mashamba yanakatika na msitu unaanza, kama mtu aliyechora mstari kwa rula.

Tshivanga unajiandikisha, unalipa, unasomewa masharti. Hauingii peke yako hata kama babu yako alizaliwa humo. Unapewa kiongozi wa njia, walinzi wenye bunduki, na kijana wa panga anayetangulia. Mwenye mafua anarudishwa, maana gorila wanaambukizwa magonjwa yetu na wao hawana kliniki. Njia yenyewe inaanzia mbele, ndani ya msitu, kwenye barabara ya Bunyakiri. Tulibahatika kupata lifti ya gari la parke.

Kupanda: mwanzo ni msitu wa kawaida, mizizi, tope, kivuli. Halafu mianzi. Jamani, mianzi. Imeinama kutoka pande zote mbili, unatembea umeinama saa nzima kama unayeingia kwa mkwe. Chini ni majani yaliyooza yanayoteleza kuliko sabuni. Ukitoka mianzini mambo yanabadilika kabisa: miti inakuwa mifupi, imejikunja, inaning'inia ndevu za kijivu, na mimea mingine sikuwahi kuiona isipokuwa kwenye vitabu, senekio yenye kichwa kama kabichi juu ya gogo. Hapo mwinuko unakuwa mkali, mikono inasaidia miguu. Kwa masaa matatu hivi tukawa juu. Tukaona Ziwa Kivu, tukaona kisiwa cha Idjwi, tukaona mji. Tukala mayai na viazi, tukashuka.

Ugumu? Wa katikati. Si mlima wa kamba, si wa kulala huko juu kama volkano ya Nyiragongo. Mtu anayepanda ngazi za Kadutu na bidoni ya maji kichwani ataufikia. Maswali karibu.

Motari Essence
Mwalimu aksanti sana. Miye niko naleta batu Tshivanga kila mara lakini ndani sijaingiaka ata siku moja. Wananiacha ku barrière, miye nageuza pikipiki. Swali: ulivaa nini ku miguu? Juu miye niko na mabote ya mvua tu.

Mwalimu wa Ramani
Mabote ya mvua ndiyo yenyewe kaka. Jirani yangu alikuja na raba nyeupe za kucheza mpira, alizinunua siku ile ile. Zilirudi na rangi ya chokoleti na kisigino kimoja. Ila vaa soksi mbili, na suruali iingize ndani ya soksi, si juu. Kuna siafu, na kuna majani yanayowasha yanayokungojea pale pale unapotaka kushika. Glavu za shambani zinasaidia kuliko fimbo.

Mtoto wa Nyawera
Sasa baba, pesa ya kulipia kupanda mulima, si afadhali ninunue gunia ya bunga? Mulima nauona bure toka balkoni.

Yaya Zawadi
@Mtoto wa Nyawera wikendi iliyopita hapa hapa ulituonyesha picha ya meza yenye chupa kumi na mbili. Hizo hazikuwa bunga?

Mtoto wa Nyawera
Yaya, hiyo meza haikuwa yangu 😂

Mwalimu wa Ramani
Bei sitaandika, inabadilika, na mtu akija na bei yangu ya zamani ataniita mwongo. Jua tu kwamba raia halipi kama mgeni, analipa kidogo sana ukilinganisha. Na kibali cha mlima si kibali cha gorila. Ni vitu viwili, wengi wanachanganya.

Pisteri Mstaafu
Naomba niingie hapo. Nimefanya kazi ndani ya ule msitu miaka mingi, sasa magoti yamekataa, nalima vitunguu. Mwalimu amesema vizuri lakini amepita haraka pale penye utamu.

Kwanza, mtu asipande Kahuzi akitegemea kuona gorila. Gorila waliozoeshwa watu wanatafutwa upande mwingine. Wapisteri, yaani wafuata nyayo, wanatoka alfajiri, wanaanzia pale gorila walipolala jana, wanafuata majani yaliyovunjika na mavi mpaka wawafikie. Ukifika unapewa saa moja, barakoa usoni, umbali unatunzwa. Kwenye njia ya mlima unaweza kukuta kiota cha zamani au mwanzi uliotafunwa, basi. Hasa mvua zikirudi, kuanzia mwezi wa 9, machipukizi ya mianzi yanapotoka ardhini. Hayo kwa gorila ni kama sambaza mpya, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa mtu wa Bukavu, anaacha kila kitu.

Pili, gorila wetu si wale wa Rwanda. Hawa ni wa Grauer, wakubwa kuliko wote, na duniani kote wako Kongo mashariki tu. Mwaka 2016 walihesabiwa kuwa karibu 3,800 tu wamebaki. Mwaka 2021 hesabu mpya ikasema karibu 6,800. Msifikiri waliongezeka hivyo kwa miaka mitano. Yalifikiwa tu maeneo ambayo zamani hayakufikika.

Tatu, ile kamba yenye maua meupe mliyoiona imefunika miti kama shuka. Mwalimu hakuitaja. Jina lake la kitaalamu ni Sericostachys. Wakati naanza kazi haikuwa hivyo. Vita vya miaka ya 90 vilimaliza tembo wa huku juu, na wengi tunaamini ndiyo sababu: tembo alikuwa anaikanyaga, anaivunja, anafungua njia. Njia nyingi tulizotumia zilikuwa barabara za tembo. Tembo akaondoka, kamba ikapanda, mti ulio chini yake haupati jua, unakufa. Ukitaka kuona kazi ya tembo, angalia mahali asipokuwepo.

Yaya Zawadi
Papa Pisteri, hiyo ya tembo sikuijua. Nilidhani kamba ni kamba tu. Ulimuona Chimanuka, yule gorila dume mkubwa?

Pisteri Mstaafu
Nilimuona mara ambazo sihesabu. Familia kubwa, na yeye mwenyewe alikuwa anakuja kukukagua kama ofisa wa mpaka. Na Mugaruka, yule aliyepoteza mkono kwa mtego akiwa mdogo. Na Bonane, aliyezaliwa siku ya mwaka mpya, ndiyo jina likakaa. Lakini uzi ni wa mlima, nisiuteke.

Mama Furaha wa Panzi
Mwalimu shikamoo. Mtoto wangu wa kike ana miaka 12, anaimba Kahuzi Kahuzi kutwa nzima tangu mwalimu wake awaonyeshe picha. Naweza kumpeleka? Na mimi mwenyewe nina presha.

Mwalimu wa Ramani
Marahaba mama. Kwa gorila watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Kwa mlima, uliza Tshivanga kabla ya kumwahidi, usije ukarudi naye analia kuanzia Miti mpaka Panzi. Kuna vilima vingine vifupi ndani ya parke, Bugulumisa kwa mfano. Wengi wanaanzia huko, na ziwa linaonekana.

Presha: muone daktari kwanza, hilo silijibu mimi. Ninachokijua ni hewa. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kileleni ni 3,308. Umeongeza mita 1,800 kwa siku moja. Wengine wanapata kichwa kuuma wakipita 2,500. Jirani yangu kichwa kilimuuma, akanywa maji, akapunguza mwendo, kikaisha. Kisingeisha, tungeshuka, hakuna kujadili.

Mtu wa Kabare
Nasoma tangu juu, munaongea ule msitu kama vile haukuwa na wenyewe. Parke ilianzishwa 1970, ikapanuliwa 1975. Batwa, wenyeji wa msitu waliokuwa ndani, walitolewa, fidia hakuna, mashamba hakuna, mpaka leo wengine wanalala ku kando ya barabara ile ile munapitaka na motari. Halafu wanaokamatwa wakikata kuni ni hao. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imesema wazi serikali iliwakosea. Hiyo haiko ku masharti munasomewa Tshivanga.

Mtoto wa Nyawera
Eeh, tumeanza siasa. Uzi ulikuwa wa mabote.

Mwalimu wa Ramani
Hapana, mwacheni aseme, ni kweli. Na mimi kwa miaka 17 nimefundisha "parke ilianzishwa tarehe 30 Novemba 1970" na sikuwahi kuongeza sentensi ya pili. Kijana aliyetangulia na panga siku ile alikuwa Mutwa. Njiani anataja kila mmea: huu unatibu tumbo, huu unafukuza nzi, huu mama yake alikuwa anafunika nao paa. Nikamuuliza mama yake aliishi wapi. Akaelekeza panga upande wa bonde, akaendelea kukata. Sikuuliza tena.

Pisteri Mstaafu
Mtu wa Kabare, sikupingi. Yule Mbelgiji Deschryver alipoanza kuwazoesha gorila miaka ile, waliomwonyesha gorila walipo ni Batwa. Bila wao angezunguka mianzini mpaka leo. Sisi wapisteri wote tumefundishwa na watu hao au na watoto wao. Nakuomba tu uweke na hili: msitu haumalizwi na mwenye mzigo mmoja wa kuni kichwani. Usiku yanashuka makaa ya kupikia, magari mazima, na mwenye gari si Mutwa.

Mama Furaha wa Panzi
Na anayepikia makaa hayo ni mimi hapa Panzi. Mfuko ukifika mlangoni siulizi umetoka wapi. Naandika hivi nikiwa mbele ya mbabula, jiko la makaa.

Mtu wa Kabare
Angalau mama umesema. Wengi banakula sombe yao kimya.

Kijana wa Dawati la Nyuma
Mwalimu mwalimu! Ni miye nilikuulizaka "kule juu kuna nini"! Unanikumbuka?

Mwalimu wa Ramani
Darasa la ngapi?

Kijana wa Dawati la Nyuma
La sita 😅

Mwalimu wa Ramani
Lilikuwa la tatu. Na alikuwa msichana. Kaa chini.

Yaya Zawadi
😂😂😂 Nimemwaga chai.

Motari Essence
Mwalimu, miye narudi ku mambo ya mabote. Baridi ya juu iko namna gani kweli? Nabeba kabuti ama jaketi ya motari inatosha?

Mwalimu wa Ramani
Ya motari inatosha upepo, chini yake weka sweta, na ubebe kitu cha mvua hata kama ni kiangazi. Na hapa naomba nijisifu kidogo. Nilibeba kipimajoto cha darasani, kimefungwa kwenye taulo. Vitabuni tunafundisha kwamba ukipanda mita 100 joto linashuka karibu nyuzi 0.6. Kwa mita 1,800 zile inakuja kama nyuzi 11. Saa tuliyokuwa juu kipimo kilisema 9. Mke wangu alikuwa na kingine nyumbani Bagira, akasoma saa ile ile: 21. Tofauti 12. Bagira iko kilimani na upepo haufanani, msinianze, lakini mimi nilikaa juu ya jiwe nikacheka peke yangu. Walinzi walidhani ni hewa imenipanda.

Shati ulilotoka nalo jasho libadilishe mara moja ukifika. Hilo ndilo kosa la wengi: anafika anawaka, anakaa na shati bichi kupiga picha, dakika kumi meno yanagongana.

Shemeji
Habari zenu. Mimi ndiye shemeji anayetajwa hapo juu. Nimeletewa huu uzi na watu watatu tofauti. Nimesoma "kwa masaa matatu hivi tukawa juu". Mwalimu, Mungu anakuona.

Tulianza kutembea saa 2 na nusu asubuhi. Juu tulifika saa 7 kasoro robo. Fanyeni hesabu wenyewe. Kwenye mianzi alikaa chini mara nne. Mara ya tatu alisema turudi, kwamba mlima ameshauelewa. Aliyemwinua ni yule kijana wa panga, alimwambia: "Mzee, usiangalie juu, angalia kisigino changu." Akakiangalia hicho kisigino mpaka kileleni.

Na ziwa "tuliliona", ndiyo. Lakini semeni yote. Tulipofika kulikuwa na wingu zito, huoni hata aliye mbele yako. Mlinzi anasema tushuke, mvua inakuja. Mwalimu anasema dakika tano. Zikawa arobaini. Ndipo wingu likatoboka, tundu kama la sufuria, na ndani ya tundu: maji, Idjwi, na mji kule chini, mabati yanametameta. Dakika nne pengine. Yule mtu alikuwa amenyoosha kidole anahesabu rasi za Bukavu, maana anafundisha kwamba ziko tano. Akafika tatu, wingu likafunga.

Yaya Zawadi
Sasa hii ndiyo hadithi. Mwalimu ulitupa muhtasari wa ubaoni.

Mwalimu wa Ramani
Nne, si tatu. Ya nne niliiona nusu.

Mengine ni kweli. Ya kukaa chini sikuandika kwa sababu kuna wanafunzi wanasoma humu, kama mlivyoona. Kwa faida ya wanaotaka kwenda: shemeji ana haki, kadirieni saa nne kupanda, mbili na nusu kushuka. Kushuka ndiko kunakoua magoti, na mianzi ikiwa imelowa utashuka sehemu nyingine kwa makalio. Anzeni mapema. Wingu la Kahuzi kwa kawaida linajikusanya kadiri siku inavyosonga. Kama yule dereva angetokea saa 11, pengine ningemaliza rasi zote tano.

Pisteri Mstaafu
Huyo kijana wa panga amesema neno la kazi. Tulikuwa tunawaambia wageni hivyo hivyo. Anayetazama kilele anachoka kabla ya miguu yake. Na ukiwa kiongozi, mtu dhaifu kuliko wote unamweka wa pili, nyuma yako, mwendo uwe wake. Ukimweka mwisho atakimbilia wengine mpaka aanguke.

Mtoto wa Nyawera
Haya, nimeanza kukubali. Kwa sasa njia iko wazi? Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia mjini, miye hata Miti sijafika.

Mwalimu wa Ramani
Hilo usiliulize hapa, na usimsikilize atakayekujibu hapa, hata mimi. Nilichoandika ni cha Julai 2023. Barabara inabadilika kwa wiki. Ulizia kwa wanaohusika na parke wenyewe na kwa watu wanaoishi Miti na Mudaka, si kwa binamu yako aliyeko Bujumbura. Wakikwambia ngoja, ngoja. Mlima hauondoki.

Motari Essence
Miti miye nafikaka. Kila mutu aangalie siku yake. Lakini mwalimu, siku ikifunguka miye njo nitakuleta, bure, juu ya zile rasi mbili.

Shemeji
Moja na nusu, kwa hesabu yake.

Mama Furaha wa Panzi
Na yule msichana wa dawati la nyuma? Ulimjibu nini uliporudi?

Mwalimu wa Ramani
Nilimpa kipimajoto na daftari nililoandikia njiani, nikamwambia asome mbele ya darasa. Alisoma mpaka kwenye mianzi, akanyamaza, akaniangalia. Nilikuwa nimesahau kwamba mle ndani niliandika: "Nimekaa chini mara ya tatu."

Shemeji
Nne.